Vichwa Visivyopanda Ndege

Lydie hakuwahi kupanda ndege hata siku moja, lakini pale Mangobo, mtaani kwake Kisangani, hakuna aliyezichukia kama yeye. Mto aliuheshimu. Boti ya kwenda Kinshasa huchukua majuma, na mtu wa safari ya majuma hufikiri mara mbili kabla ya kuondoka. Angani, walimwambia, ni kilomita elfu moja na mia mbili na kidogo tu. Zote hizo mama yake alizimaliza kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana.

Aliyetuma tiketi ni Nadège, mdogo wake Lydie aliyeishi Kinshasa. Mama aende kutibiwa macho, kisha arudi. Macho yalipona, mvua zikaja zikaisha, mama hakurudi. Na nani aliyempikia, akamwogesha na kusikiliza malalamiko yake miaka yote kabla ya hapo? Lydie alizoea kusema fimbo ya mbali haiui nyoka, akimsema Nadège. Sasa fimbo ya mbali ilikuwa yeye. Ulikuwa wivu, naye hakujisumbua kuupa jina jingine.

Kazi yake ni kuuza samaki wa moshi kutoka Yanonge, na kila jirani aliyesafiri alimbebesha kifurushi cha mama. Kwao, kichwa cha samaki huwekwa kwenye sahani ya mkubwa wa nyumba. Tangu bibi yao afariki, vichwa vilikuwa vya mama.

Siku moja Nadège alituma picha: mama kwenye kochi, kitenge kipya, anacheka meno yote nje. Lydie akachukua kisu. Akakata vichwa vya samaki wote, viwiliwili akampa Tonton Noël, jirani aliyekuwa anakwenda Kinshasa. Anayetaka vichwa avifuate Kisangani! Akavipika kwa mawese, akavila kwa hasira, mbele ya wanawe, akifyonza hadi mifupa.

Mama akapiga simu.

"Lydie, samaki ilifika bila vichwa. Nani alikula?"

Swali hilo ndilo alilolisubiri. "Ni mimi, mama. Ukitaka kichwa, rudia huku."

Mama akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Bon. Donc nyumba iko na mukubwa. Mutoto wangu, nilikuwa nashindwa kulala. Nikibaki kwa Nadège, nyumba ya papa yenu itabaki na nani? Nilikuwa nimeshafunga sanduku, nangoja tu ndege. Sasa roho yangu imetulia. Nabaki."

"Mama, hapana, mimi nilikuwa tu..."

"Mutu hawezi kula kichwa kwa muchezo. Umefanya muzuri."

Nyuma ya sauti ya mama, Nadège alipiga vigelegele. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Lydie hakuwa na wa kumlilia.

Jumapili alipika samaki mzima. Wanawe walipopakua, walimwekea yeye kichwa, bila kuuliza.