Maji Yaliyoingia Zizini

Shule niliiacha mwaka wa nne wa msingi, kwa sababu barabara ilipita karibu na dirisha la darasa letu na kila kamio, yaani lori, lililopita lilinichukua nusu ya moyo. Nikazunguka. Nimelala Komanda, nimebeba mbao Mambasa, nimekaa kwenye mashimo ya dhahabu na watu wa dini zote na makabila yote, na huko ndiko nilikojifunza kazi pekee iliyowahi kunilisha: pompi, pampu za kuvuta maji. Shimoni pompi ikinyamaza, wanaume wote wanakaa chini na kukutazama wewe. Nilipenda kutazamwa hivyo. Nilipenda zaidi kufungua mashine na kuona ndani yake kuna nini.

Vita vilipoanza kutafuna vijiji vya vilimani, nilirudi Bunia nikapata chumba mtaa wa Shari. Huko ndiko mtu mmoja alikonitafuta. Alikuwa mfuga ng'ombe wa ukoo uliokaa Ituri tangu zamani, mrefu, mpole wa sauti, mwenye fimbo ambayo hakuiacha hata akienda kanisani. Aliishi mtaa wa Saio na mke wake na watoto.

"Wanasema weye unajua pompi," aliniambia. "Iko moja kwangu. Ndogo. Sijui kama ni ya kweli ao ni ya mchezo."

Nilimfuata, nikakuta chombo cha majini kimekaa katikati ya uwanja wake. Ilikuwa ponton: matangi mawili marefu ya chuma yaliyoungwa kwa vyuma, na juu yake sakafu ya mbao yenye uzio pande zote kama zizi. Ziwa liko mbali na Saio, kule chini ya mlima, Kasenyi, na barabara ya kushuka huko ilikuwa imeanza kuwa na vizuizi vingi kuliko madaraja. Kuona chombo kile kimetulia hapo, migomba upande huu na nguo za watoto zimeanikwa upande ule, kulinisimamisha mlangoni. Mtu hajengi kitu kama kile mjini ila akiwa ameshaona jambo.

Majirani nao walikuwa wameona. Mmoja, mwashi mwenye mdomo mkubwa, aliegemea ua kila asubuhi.

"Noa wa safina! Mvua inaanza siku gani?"

"Ikianza utaisikia kwako mbele ya kwangu," mke wa mfugaji alimjibu bila kugeuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mwenye mtoto mchanga mgongoni.

Mpango wao nilielezwa siku ile ile. Malisho ya vilimani yalikuwa yamechomwa, na ng'ombe waliobaki walikuwa wameletwa nyuma ya nyumba. Wachungaji walikuwa wamekimbia. Kamio lingebeba ponton, mama na watoto mpaka Kasenyi. Mfugaji mwenyewe angeteremka na kundi kwa miguu, siku mbili. Kisha wote wangevuka ziwa kwenda ng'ambo. Mama hakuutaka mpango huo. Alitaka waondoke upesi, waache kundi.

"Ng'ombe iko na miguu ine, itaenda yenyewe," alisema mbele yangu. "Batoto wangu iko na mbili mbili, na huyu hajaanza hata kuzitumia."

"Bila ng'ombe tutakuwa nani kule ng'ambo?" mume alimuuliza.

"Tutakuwa wazima."

Mume alitazama fimbo yake. Halafu akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeuliza, akanieleza kwa nini pompi ilikuwa lazima. Zamani kabla ya vita alivusha ng'ombe kwa chombo cha mtu mwingine. Sakafu ilijaa mavi, ng'ombe mmoja akateleza, mguu ukavunjika, wakamchinja pale pale. Damu ikakauka katikati ya mbao. Safari iliyofuata, kundi lilipokanyaga mbao zile, lilinusa, likaanza kulia, likasukumana upande mmoja, na chombo nusura kipinduke.

"Ng'ombe akinusa damu ya mwenzake, analia," alisema. "Hata iwe tone. Hata iwe ya mwaka uliopita. Kila mufuga anajua hiyo. Kwa hiyo sakafu lazima ioshwe na maji ya nguvu, kila safari."

Na kule ziwani, aliongeza, karakana zote zilikuwa zimeporwa. Kilichopaswa kufungwa, kifungwe hapa.

Pompi yenyewe ilikuwa ndogo kama mkate. Alikuwa ameitoa ng'ambo, kwenye boti la mtu aliyekuwa akivua samaki. Ilitumia umeme wa betri ya gari. Niliifungua siku ya kwanza, sikuweza kujizuia. Ndani mlikuwa na ngozi ya mpira inayopanda na kushuka kama tumbo la mtu aliyelala, na kando yake swichi ndogo inayosukumwa na maji yenyewe. Ukifunga mdomo wa mpira wa maji, pompi inazima. Ukifungua, inaamka. Zile za machimboni unazipigia kelele na mateke; hii ilikuwa ikielewa. Nilifunga na kufungua, nikafunga na kufungua, mpaka mama akaniuliza kama nimeitwa kufanya kazi ao kuchezea.

Niliifunga chini ya benchi la nyuma, juu ya kipande cha tairi ili isitikise mbao. Mpira wa kuvutia maji niliupitisha katikati ya matangi, nikautia chujio la shaba mwishoni, nikaushusha chini sana, kwa sababu chombo kikiwa kitupu kinaelea juu, na pompi ikivuta hewa badala ya maji inaungua. Mfugaji alinipimia kina kwa fimbo yake: hapa chombo kikiwa na ng'ombe, hapa kikiwa na watu tu. Alama ya watu aliionyesha haraka haraka, kama jambo lisilomhusu. Betri niliiwekea sanduku la mbao, na karibu nayo nikatia fyuzi.

Wakati nikifanya kazi hiyo, kila alasiri milio ilisikika kutoka kaskazini, kama mtu anayepasua kuni. Kila siku yule mpasua kuni alikuwa amesogea. Hatukumtaja. Na pompi nayo ilianza tabia yake: chujio limo ndani ya ndoo ya maji, mpira umefungwa mdomoni, hakuna aliyeigusa, kisha ghafla krrr, inaamka kwa muda wa pumzi moja na kulala tena.

"Nani anaiamsha?" mama aliuliza.

"Hakuna mtu, mama. Tiyo, huu mpira, inavuja kidogo mahali, nguvu ya maji inashuka, inaamka kuirudisha."

"Basi tafuta mahali. Sitaki kitu kinachoamka chenyewe kwangu."

Nilipata pale mpira ulipoungwa, tone dogo kama jasho. Nikakaza, ikanyamaza.

Siku ya kuijaribu tuliteka maji mtoni, tukajaza pipa, nikatumbukiza chujio humo. Maji yaliruka, yakapiga mbao mpaka zikabadilika rangi. Watoto walikimbia kuyapita wakipiga kelele. Mwashi alipiga makofi juu ya ua. Hata mama alicheka, na mfugaji akasema, "Kesho ninaita mwenye kamio. Kesho kutwa mi na ng'ombe tunaanza njia."

Hapo ndipo pikapu iliposimama mlangoni.

Walishuka vijana wenye bunduki; tuliwajua kwa sura. Walipita Saio kila siku. Mkubwa wao alikuwa amevaa koti la mvua la kike, ingawa jua lilikuwa likiwaka. Alitazama maji yanayodondoka kwenye ponton.

"Iko na nguvu, hii?"

"Kidogo, chef," nilijibu, kama tulivyowaita wakubwa wote wenye bunduki.

"Inatosha. Mutuoshee gari."

Walirudisha gari nyuma mpaka karibu na pipa. Wanawake waliokuwa wakipita na bidoni zao, madumu ya maji, kutoka mtoni waliamriwa kumimina, wakamimina, wakaondoka bila kutazama nyuma. Kijana mmoja alivuta turubai. Nzi waliinuka.

"Ni ng'ombe," alisema yule wa koti, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Tulichinja ng'ombe kule juu. Jeshi inakula pia, ao namna gani?"

"Ndiyo, chef."

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nimewahi kumuuliza padri Mungu anakunywa nini. Siku ile niliosha na sikuuliza kitu. Maji yalitoka ya udongo, kisha mekundu, kisha ya waridi. Pembeni palikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Kijana alikiokota kwa ncha ya bunduki, akakitupa migombani. Niliosha kona, niliosha mifereji ya bati, niliosha mpaka chini ya tairi la akiba, na pompi iliimba vizuri kabisa, bila kukatika.

Uwanja ule uliteremka kuelekea nyuma ya nyumba. Sikulifikiria hilo. Maji yalijikusanya, yakatafuta njia, yakapita kando ya jiko, yakaingia zizini.

Nilimwona mfugaji akiyafuata kwa macho. Mama naye alitoka jikoni akasimama, kiganja tayari mdomoni, kama mtu anayengojea radi baada ya kuona mwanga. Ng'ombe walisogea. Jike mkubwa, mwenye pembe iliyopinda, yule anayetangulia wengine wote, aliinamisha kichwa mpaka majini. Alinusa. Alipuliza pua. Alinusa tena. Wengine walikuja nyuma yake, wakanusa pia.

Kisha yule jike akainua kichwa, akalamba pua, akarudi kwenye majani yake.

Hakuna aliyelia. Hata ndama.

Kwa muda mfupi nilifikiri: vizuri, hakuna vurugu. Halafu nikauona uso wa mfugaji. Ulikuwa umegeuka rangi ya majivu.

"Ng'ombe zako ziko na adabu," alisema yule wa koti.

"Ndiyo, chef," mfugaji alijibu kwa sauti ile ile ya upole. "Ziko na adabu."

"Pompi muzuri. Kesho tunakuja na kamio, ile kubwa. Musiitoshe hapa, ibaki." Akanielekezea kidole. "Na weye, usiende mbali."

Walipoondoka, tulibaki tumesimama kwenye matope. Mpira wa maji ulikuwa bado mkononi mwangu.

"Haikuwa ng'ombe," mfugaji alisema.

"Nimeona," mke wake akajibu. Tayari alikuwa akifunga mtoto mgongoni upya, kwa nguvu zaidi. "Ninaenda kwa mwenye kamio. Tunaondoka leo."

"Nitaanza njia na kundi. Tutakutana Kasenyi."

Mama alirudi akasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema taratibu. "Papa watoto. Kesho watakuja, hawatakuta pompi wala ponton. Watauliza mwenyewe alipita wapi. Weye utakuwa njiani siku mbili, na kundi linaloonekana toka mlima mpaka mlima. Nani atawaambia batoto kwamba ulikuwa ukitembeza ng'ombe?"

Mfugaji alitazama zizi. Mama hakungojea jibu. Alitoka.

Kamio lilikuja jua likiwa bado juu ya paa. Tulifungua ponton vipande vitatu, matangi mawili na sakafu, na tulikuwa bado tunapima jinsi ya kuinua sakafu na pompi yake pale mwashi alipopita kwenye ua na wanawe bila kuitwa. Hakufanya mzaha. Waliinua, wakasukuma, wakafunga kamba. Alipomaliza alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Iko nafasi?" aliuliza, akitazama chini.

Swali lile lilikuwa la mfugaji kulijibu. Kilikuwa chombo chake na nafasi ya ng'ombe wake, na kama angesema ndiyo, basi ndiyo hiyo ingemaanisha kuacha kundi. Mama alimtazama, na safari hii hakumsaidia.

"Tulijenga sababu ya ng'ombe," mfugaji alisema mwishowe. "Ng'ombe haziendi. Leta batoto yako."

Akaenda nyuma ya nyumba, akaondoa miti ya mlango wa zizi, mmoja baada ya mwingine, akaipanga kando vizuri kama mtu atakayerudi jioni. Akarudi akapanda nyuma ya kamio, akakaa karibu nami juu ya mbao zilizokuwa bado na unyevu.

Tulivuka, sote, familia yake na ya mwashi na mimi. Ninalisema hapa ili usiwaogopee watoto. Kwenye vizuizi dereva alicheka na kila mtu, akasema ponton inapelekwa ziwani kwa amri ya chef wa koti la mvua, na walimwamini, kwa sababu habari za pompi zilikuwa zimeshaenea mji mzima. Vizuizi, nilivyoviogopa, ndivyo vilivyokuwa vyepesi.

Kigumu kilikuwa kuondoka pale mlangoni. Kamio liliponguruma, yule jike wa pembe iliyopinda alitoka zizini, akaja mpaka barabarani, na kundi nyuma yake. Walisimama wakimtazama mfugaji. Nilikuwa nimesikia jinsi anavyowaita: mluzi wa sauti mbili, wa chini kisha wa juu, na wanakuja popote alipo. Walikuwa wakiungojea. Kamio likaanza kwenda, nao wakaanza kwenda, polepole, mbali nasi kidogo, bado wakiungojea. Angepiga mluzi ule, wangetufuata mpaka Kasenyi, na kila mwenye bunduki kati ya Bunia na ziwa angejua tuko wapi.

Mama alikuwa mbele pamoja na dereva, hakuyaona haya. Niliyaona mimi. Mfugaji alivuta ukosi wa koti lake, akautia kati ya meno, akauma. Jike aliongeza mwendo. Watoto wa mwashi walimwonyesha kwa vidole wakicheka, "Anakuja! Anakuja!" na mfugaji akauma zaidi, machozi yakimfika kidevuni, mpaka dereva akabadilisha gia na kona ikatuficha.