Kumi Mpaka Sita

Laiti ningeukataa ule ufunguo. Mke wangu alinikabidhi jioni moja jikoni kwetu Kitale, ufunguo mdogo wa kabati la chakula, umefungwa kwa uzi wa gunia. Akasema, "Baba, kaa na huu. Nikikuomba chakula kabla ya saa yangu, kataa." Nilicheka, nikautia mfukoni. Nilikuwa nimestaafu ukarani mwaka uo huo, na kwa miezi kadhaa hakuna aliyekuwa ameniomba ruhusa ya kitu chochote. Nilifurahi kuliko ilivyofaa.

Alikuwa anaanza kufunga. Si kule kufunga kwa maombi tulikozoea kanisani. Huku kulikuwa kufunga kwa saa, ili mwili upungue na homoni zitulie. Binti yetu, aliyeolewa Kanduyi, ndiye aliyemshawishi. Yeye na wenzake kazini walikuwa wanakula ndani ya saa nane tu za siku, zile kumi na sita wanakunywa maji. Alimtumia mama yake ujumbe kwa simu, na kwa kuwa mama yake huona herufi za simu kama siafu, niliusoma mimi: "Mum, kula 10 mpaka 6. Zingine maji tu."

Nikahesabu kwa vidole. Saa kumi jioni mpaka saa sita usiku: saa nane kamili. Nikaandika kwa kalamu nyekundu, KUMI MPAKA SITA, nikaibandika karatasi kwenye mlango wa kabati.

"Na hiyo saa sita usiku nitakuwa nakula na nani?" mke wangu akauliza. "Na paka?"

"Si lazima umalize saa zote," nikamwambia. "Ukilala mapema, hiyo ni faida."

Yeye hulala saa tatu. Kwa hiyo alikula saa kumi, akaongeza kidogo saa moja, basi. Tena ulikuwa msimu wa kupalilia. Alfajiri aliingia kwenye mahindi na maji ya moto tumboni, na mimi nikakaa barazani na chai ya maziwa na viazi vitamu.

"Baba, hata kipande kimoja?"

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tano."

"Basi umejijibu."

Wanawake wa kanisa walipoona anakataa chai, walidhani amefunga kwa ajili yangu. Mmoja alinivuta kando baada ya ibada, akanisihi nimwache huyo mwanamke, yeyote yule, kabla mke wangu hajakonda zaidi. Nilimwapia kwamba sina mwanamke. Akanipigapiga begani kwa huruma, akaenda zake.

Mke wangu alikuwa na miaka arobaini na sita wakati huo, mimi sitini na tatu. Nataka niandike vizuri alichoniambia, kwa sababu aliniambia.

Kwanza aliniambia haoni tena siku zake, mwezi wa pili huo. Nikamjibu, "Si umestaafu tu kama mimi? Karibu." Baadaye akanionyesha kitana kilichojaa nywele. Nikasema kumbe hata kichwa kinapunguza uzito. Mara ya tatu alisema halali, joto linampanda mpaka anatupa blanketi, na akisimama ghafla anaona giza. Nikasema, "Mama, hilo blanketi nilikuwa nalihitaji."

Alicheka kidogo mara ya kwanza. Mara ya tatu hakucheka. Niliona kwamba hakucheka, na bado nikautikisa ufunguo mfukoni ili ulie.

Kisha tukaalikwa Kanduyi, kule Bungoma, kwa wakwe wa binti yetu. Kwa watu wa Bungoma, mkwe akichinjiwa kuku haulizi maswali, anakula. Sahani ziliwekwa mezani saa saba. Mke wangu alinawa mikono, akanyoosha mkono kwenye paja la kuku. Nikakohoa, nikainua mkono wangu wa saa.

Mama mkwe wa binti yangu akapiga makofi. "Ati nini? Mzee wa Kitale amekuja na kengele ya shule!"

"Ni saa tatu tu zimebaki," nikasema.

"Saa tatu! Mama, kula bana, huyu kuku hajui mambo ya saa."

Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Mke wangu aliurudisha mkono mapajani. Akainuka, akasema anatoka kupunga hewa, na kabla hajafika mlangoni magoti yakamwishia. Binti yetu alimdaka.

Tulimpeleka zahanati ya karibu. Muuguzi alimpima damu, akakuta imepungua sana. Akamuuliza anakula saa ngapi.

"Saa kumi," mke wangu akasema.

"Ya alfajiri?"

"Ya jioni."

Binti yetu akanigeukia. "Baba! Hiyo ilikuwa kumi ya Kizungu! Saa nne asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni!"

Muuguzi alinitazama. "Kwa hivyo mzee ndiye saa?"

"Mimi ni ufunguo," nikasema. Hakuna aliyecheka.

Muuguzi akatueleza bila haraka. Wako wanawake wanaofunga hivi bila shida yoyote, na wako ambao miili yao inakataa, hasa umri huo homoni zinapoanza kuyumba zenyewe. Mwili ukiona kazi nyingi na chakula kidogo, hudhani njaa imeingia nchini, ukapunguza kwanza mambo ya uzazi. Mke wangu alikuwa amefunga na jembe mkononi. Muuguzi akamwambia ale asubuhi, ameze dawa za kuongeza damu, na arudi kupimwa.

"Dalili zilianza lini?" muuguzi akauliza.

Mke wangu akazitaja zote, siku zake, nywele, joto, usingizi, giza la macho. Alimwambia muuguzi, hakuniangalia mimi.

Alipona. Miezi michache baadaye siku zake zilirudi, nywele zikaota, na sasa anakula kiazi chake asubuhi akinitazama usoni. Ufunguo aliuchukua mwenyewe kutoka suruali yangu siku ya kufua. Hunitania bado; nikiuliza chakula kiko wapi, hujibu, "Kumi ya Kizungu au ya baba?"

Lakini mwezi uliopita binti yetu alinipigia kutoka Kanduyi kuniuliza kama mgongo wa mama umepoa. Mgongo gani? Mke wangu alikuwa jikoni, hatua sita kutoka nilipokaa, akichambua maharagwe. Ulikuwa umemuuma wiki mbili.

Hiyo ndiyo bei niliyolipa kwa ule ufunguo. Mke wangu akiumwa, haniambii.