Kidevu cha Seremala

Alhamisi, tarehe 14 Juni. Asubuhi mawingu, mchana manyunyu yasiyofikia kulowesha nguo.

Kinyozi aliingia wodi ya wanaume kama afanyavyo kila Alhamisi, akiwa na beseni, sabuni, brashi na nyembe mpya, kila kidevu na wake. Hospitali haimlipi, naye hajawahi kuomba. Duka lake la kunyolea amemwachia binti yake, ambaye husema baba amestaafu ili afanye kazi ileile bure. Alianza baada ya kaka yake kulazwa humo muda mrefu. Siku moja alikwenda kumwona, akapita kitanda chake bila kumtambua kwa ndevu zilizoota, akamsalimia mtu mwingine kwa upendo mkubwa. Tangu hapo anaamini mgonjwa ana haki ya kufanana na yeye mwenyewe.

Sharti lake ni moja: hamnyoi mtu bila kumuuliza. Siku hiyo alimuuliza seremala, aliyeletwa na homa ya mapafu na ndevu zilizofika kifuani.

"Tuzitoe, fundi?"

Seremala akainamisha kichwa. Kinyozi akaelewa amekubali. Seremala alikuwa anasinzia, na kwa dawa alizochomwa alilala mpaka mwisho. Kazi ilikuwa safi.

Saa ya kuona wagonjwa mke wa seremala aliingia na chupa ya chai. Alitazama kitandani, akaona mwanaume mwenye kidevu kidogo. Akaiweka chupa mezani taratibu, kisha akajishika kichwa.

"Mume wangu mmempeleka wapi? Semeni tu, mimi si mtoto!"

"Mama, ndiye huyo hapo," akasema Sista msimamizi wa wodi.

"Mume wangu ana ndevu!"

"Mama watoto, ni mimi," seremala akasema kwa sauti ya usingizi.

"Hebu nyamaza, kaka. Wenzako tuna msiba."

Kilio kikapanda. Mgonjwa wa karibu na mlango akavua kofia. Seremala akajimiminia chai, akaonja.

"Sukari umesahau tena."

Mama akakatiza kilio katikati. Akasogea, akainama.

"Wewe! Kidevu hicho umekitoa wapi?"

"Changu."

"Miaka yote hiyo ulikuwa unanificha?"

Wodi ikacheka mpaka waliopasuliwa wakashika mishono yao. Sista hakucheka. Alimwendea kinyozi, ambaye wakati huo alikuwa kwa mzee wa dirishani, shavu moja limekwisha, la pili bado lina povu.

"Baba, nakuheshimu. Lakini kuanzia sasa sitaki wembe ndani ya wodi hii. Umeniletea msiba usio na maiti."

"Nimalizie shavu hili?"

"Nimesema kuanzia sasa."

Kinyozi alimfuta mzee povu, akakusanya vitu vyake. Mke wa seremala akamkimbilia kwenye korido.

"Baba, umefukuzwa kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yangu. Niliona kichwa kimeinama, nikajijibia mwenyewe."

"Mimi sina kinyongo. Kumbe nimeolewa na kijana!"

Nyumbani binti aliandaa chakula, kinyozi akakizungusha tu kwenye sahani.

"Wanaotembea watakuja dukani wakipona," alisema. "Wasioinuka kitandani nani atawafikia?"

"Kamwombe Sista radhi."

"Radhi nitaomba. Ila kosa ni langu kweli, ndiyo tabu yake."

Asubuhi ya Ijumaa alikwenda hospitali, akaweka kiti barazani, nje ya mlango wa wodi, akaketi na beseni mapajani. Sista akatoka, akamkuta.

"Jana nilisema nini?"

"Ulisema ndani ya wodi, Sista. Nami nimekuja kukuomba radhi. Nilikosea."

"Na kiti?"

"Kwa anayeweza kutoka."

"Na asiyeweza?"

"Hapo ndipo nilipokwama."

Sista akamtazama, akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa anasukuma kiti cha magurudumu. Juu yake alikaa mzee wa dirishani, shavu moja safi, jingine limejaa mvi.

"Muulize kwanza," Sista akasema. "Na akujibu kwa mdomo."

Kinyozi akachuchumaa mbele ya mzee.

"Nikunyoe, mzee wangu?"

"Ndiyo," mzee akajibu, kwa sauti iliyofika dirisha la dawa. "Hata jana ilikuwa ndiyo."

Kinyozi akalowesha brashi.