Siku Niliyosimama Kama Nguzo Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, hii habari watu wa Mugumu wanaijua nusu, wale wa Itiryo wanaijua yote, na mimi mwenyewe niliyeifanya ndiye nisiyeielewa mpaka leo, kwa hiyo msiniulize "sasa kwa nini ulifanya hivyo", maana siku ile niliulizwa hilo hilo na ukoo mzima na jibu nililotoa liliniponza. Leo nacheka na nyie. Siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze na viatu vyangu.

Mimi natengeneza simu sokoni Mugumu, na kibanda changu kimepakana ukuta na banda la video, kwa hiyo nitake nisitake nasikia filamu kuanzia asubuhi, zile zilizotafsiriwa Kiswahili na mtu mmoja anayeigiza sauti zote, mpaka za wanawake na za mashine. Ninazozipenda ni za viumbe wa sayari nyingine. Tatizo langu (mchumba wangu Boke alikuwa anaita ugonjwa) ni kwamba nikiona jambo kwenye filamu lazima nijaribu kama linawezekana. Nilishajaribu kufungua mlango kwa kubandika kiganja. Nilishaikodolea macho sufuria ya chai ili isogee yenyewe, nikakaa pale mpaka chai ikafoka ikazima moto.

Sasa wiki ile kulikuwa na filamu ya dude moja kubwa lililoshuka na chombo, linameza watu, lakini macho yake yanaona kinachotembea tu. Mtafsiri kila saa anarudia, "Asiyetikisika, halimuoni." Mtu mmoja akasimama kimya, dude likamnusa mpaka puani, likaenda zake. Nikabaki najiuliza, hivi hii ni kweli?

Jumamosi yake nilikuwa natakiwa Itiryo, nyumbani kwa kina Boke. Ng'ombe wa mahari walishapokelewa, maneno mazito yalishaisha, siku hiyo ilikuwa ni kukaa tu na kupanga siku ya ndoa. Wazee wangu walitangulia asubuhi. Mimi nikachelewa, bodaboda ikaniacha kwenye kona, nikashika kijia kinachopita kati ya uzio wa minyaa na shamba la mahindi, suruali imenyooka, kiatu kinang'aa.

Katikati ya kijia nikakuta dume la ng'ombe. Jeusi, nundu kubwa, pembe ndefu, na halina mchungaji. Mtu mwenye akili zake anaingia kwenye mahindi, anazunguka, habari imeisha. Mimi nikasema moyoni, ngoja nijaribu. Nikasimama, mikono ubavuni, nikabana pumzi. Dume likanitazama, likatafuna, likaangalia pembeni. Nikafurahi kabisa, nikaona kumbe jambo lenyewe linafanya kazi.

Hapo hapo nyuma ya dume akatokea mama mkwe na ndoo ya maji kichwani.

Kwa wasio wa kwetu nieleze kidogo. Mkurya na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Ukimwona njiani unaacha njia, unaingia pembeni, unageuza uso, yeye anapita. Usipofanya hivyo hujamkosea yeye tu, umeukosea ukoo. Hilo nalijua tangu utotoni. Lakini dume liko hatua nne, na nikitikisika (nilivyokuwa naamini mimi) linaniona, kwa hiyo nikashindwa kuchagua, na mtu akishindwa kuchagua anabaki pale pale alipo.

Mama wa watu akasimama. Akasubiri. Akakohoa kidogo, kile kikohozi cha kumkumbusha mtu adabu. Mimi macho yangu yamemganda usoni, hata kupepesa sipepesi. Mwishowe akajifunika uso na upande wa kanga, akaingia mwenyewe kwenye mahindi, maji yanamwagika mgongoni, na lile dume likageuka likamfuata polepole. Sikujua limemfuata kwa sababu anatembea au kwa sababu gani. Mimi nikaona filamu haikudanganya, eti.

Nilipofika uani, mama mkwe alishapita mahindini akafika na kusema yote, na dume lao limefungwa nyuma ya nyumba. Nikamsalimia baba mkwe, Mzee Marwa, shikamoo, akaitikia huku anaangalia fimbo yake.

"Mwita, umekutana na mama yako njiani?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukamwachia njia?"

"Hapana, mzee."

"Ukawa unamtazama."

"Nilikuwa namtazama, lakini si yeye niliyekuwa namtazama." (Mnaona nilivyokuwa nimechanganyikiwa.) "Nilikuwa najaribu kama dume lenu linaniona."

Baba yangu mdogo, mtu wa upande wangu kabisa, akainama akaanza kufunga kamba ya kiatu iliyokwisha kufungwa. Kisha shangazi yake Boke akauliza kwa upole, "Kwenu kuna wengine wanaogandaganda hivi?" Nikaeleza habari ya dude na chombo na sayari, na kadiri ninavyoeleza ndivyo nyuso zinavyozidi kunihurumia. Mzee Marwa akasema hasira imemtoka, sasa ana wasiwasi, na binti yake hatamtoa kwa mtu ambaye haijulikani anaumwa nini. Siku ya ndoa isipangwe kwanza.

Akaitwa nesi wa zahanati, dada mmoja wa Njombe aliyepanga chumba jirani. Akanivuta kope, akanishika mshipa. "Kaka, hii hali inakupata mara nyingi?" Nikasema si hali, ni filamu. Akaniangalia, akamwangalia mzee, akauachia mkono wangu.

"Basi kama ni jaribio, arudie hapa nesi aone," akasema Mzee Marwa, akaenda nyuma ya nyumba kulileta lile dume. Wote wakasogea ukutani, isipokuwa Boke. Boke akaja akasimama bega kwa bega na mimi, akaninong'oneza, "Wewe simama tu kama ulivyosimama, yaishe."

Dume likatokeza, likatuona, likaanza kuja, halikimbii, linakuja tu, na kichwa kimeinama. Niliweza kuhesabu mpaka tatu. Sijui miguu ilipata amri kwa nani, nilishtukia niko ndani ya nyumba, nimefunga mlango na komeo juu, na mbele yangu mama mkwe ameketi anapepeta mtama. Nyumba ya mama mkwe mkwilima, yaani mkwe wa kiume, haingii. Akageukia ukuta wake, nami nikageukia wangu.

Nje nesi anacheka mpaka anakohoa. "Huyu mzima, mzee. Miguu hiyo si ya mgonjwa."

Ikaamuliwa nilete mbuzi kwa kosa la kuingia mle ndani, na siku ya ndoa ikapangwa papo hapo. Wazee wangu wakapumua. Nikaona nimepona.

Jioni Boke akanisindikiza mpaka barabarani. Hakucheka na wenzake tangu mchana.

"Lile dume watoto wa hapa wanalipanda mgongoni. Ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Nilijua linakuja kuua."

"Uliamini hivyo kabisa?"

"Kabisa."

"Sasa ulivyofunga komeo, mimi uliniacha wapi?"

Nilitaka kusema sikuona, lakini nilikuwa nimeona, bega lake lilikuwa limegusa langu. Bodaboda ikaja nikapanda.

Mbuzi nilimpeleka, mama mkwe alishanisamehe, na filamu bado naangalia, ila kujaribu nimeacha kabisa, maana nilitaka kujua dume linaona nini, na aliyeona ni Boke, aliniona namwacha. Siku ya ndoa kanisani alikuja. Lakini asubuhi ile, mpaka namwona anaingia na baba yake, sikuwa na uhakika kama atakuja, na asingekuja nisingekuwa na neno la kumlaumu.