Dume la Jirani na Radi Yangu

Ng'ombe wa jirani walikula mahindi yangu kule Pito mara tatu. Jirani mwenyewe alihamia na familia yake kutoka Usukuma, na mkewe ndiye rafiki yangu hasa: tunasukana nywele na kusengenya mtaa mzima bila kuruka nyumba. Mara ya tatu nilipandwa na hasira, nikamfokea mumewe mbele za watu: "Utaona!" Nilimaanisha nitampeleka kwa mjumbe.

Keshokutwa yake mvua ikanyesha, radi ikapiga mti, na chini ya mti alikuwa amesimama dume lake kubwa.

Basi! Sisi Wafipa tunasifika kwa kutuma radi; Mfipa kasema utaona, mtu kaona, kesi imekwisha. Nilikana mpaka koo likakauka. "Kwani nani huwa anakubali?" akaniuliza mama wa genge. Nikanyamaza, wakasema mnaona, kanyamaza. Nikacheka. Mama yangu wee, bora nisingecheka!

Sitadanganya, heshima ilikuja. Ng'ombe walipitishwa mbali na shamba langu. Bombani nilipishwa nichote wa kwanza, mimi ambaye hata jiko la mkaa hunishinda kuwasha. Mwalimu mmoja aliyetoka Mbeya, mtu aliyenizidi umri, akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba, ningefanyaje?

Lakini rafiki yangu hakuja tena. Alikuwa amenisuka nusu kichwa, nusu nyingine imesimama wima, nami nikashinda na kitambaa wiki mbili nikimngoja. Iliniuma, nililia kabisa.

Nikaenda kwa mjumbe. Mzee akanisikiliza, akakuna kidevu. "Mwanangu, ukisema hukutuma hawatakuamini. Sema umeifuta."

"Nifute nini, mzee, na mimi sikutuma kitu?"

"Unataka haki, au unamtaka rafiki yako?"

Nikaenda nyumbani kwao. Mume yupo, mke yupo, na majirani sita ambao wote ghafla walikuwa wamekuja kuazima ungo. Nikasema kwa hasira, "Haya! Ile radi nimeifuta. Nisameheni."

Wakashusha pumzi. Mume akasema yameisha. Mke akaleta kigoda na kitana: "Kaa hapa nimalizie hicho kichwa, unatutia aibu." Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka tena.

Juzi mawingu yakatanda, ngurumo ikaanza. Rafiki yangu akaniita toka ng'ambo ya uzio: "Jirani, hebu izuie kidogo, nimeanika ulezi!"

Nilitaka kumwambia kwa mara ya mwisho kwamba mimi sina radi. Nikakumbuka kile kitambaa. Nikatazama juu, nikapaza sauti, "Wee, subiri, mwenzio anaanua!"

Nikaenda kumsaidia. Yeye alizoa ulezi wake taratibu, hana wasiwasi, mwenye radi si yuko naye? Mimi tangu utotoni ngurumo ikilia huwa naingia chini ya kitanda, na siku hiyo nilibaki pale uani, maana angeniona nikikimbia.