Ubao wa Mtani Wangu

Mhariri, naomba jina langu libaki kwako. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, Mnyamwezi, mwalimu wa hesabu. Nina mke na watoto wawili, na makazi yetu ni Ipuli, hapa Tabora. Sina ugonjwa wala ugomvi na mtu. Nina ubao mmoja sebuleni ambao wageni hudhani ni benchi, na habari zake ndizo zilizonifanya niuandikie ukurasa huu.

Kabla ya kuhamishiwa hapa nilifundisha miaka minne katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika, kusini ya Ujiji. Huko nilipata rafiki, fundi wa mitumbwi. Nitamwita Mtani, kwa kuwa sikuwahi kumwita vingine. Watu wake na watu wangu wanataniana tangu siku za misafara, nasi tulianza kutukanana kabla hatujaulizana majina. Alinipokea kwa kusema kwamba babu zangu walitembea miezi mitatu na pembe za ndovu begani, wakafika ziwani, wakaogopa kunawa uso. Nikamjibu kwamba kwao hutia dagaa hata kwenye uji.

Mtani alikuwa na ubao wa mvule, mrefu kama mtu, aliouchonga kutoka ubavuni mwa mtumbwi wa marehemu baba yake. Karibu na kijiji palikuwa na rasi ya mawe isiyoendewa na mtu. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini unapovuma, mawimbi hufika pale, hugusa ncha ya rasi, hujikunja, kisha hukimbia kandokando ya mawe hadi kwenye ghuba ndogo ya changarawe. Yeye alikuwa akilala kifudifudi juu ya ubao, akipiga maji kwa mikono, na wimbi lilipomwinua alisimama, akaletwa wima mpaka ufukoni. Sijamwona mtu mwingine akifanya hivyo, wala kabla wala baada.

Alinifundisha. Kwa miezi miwili nilianguka kwa sababu moja tu: niliukamata ubao kwa nguvu mno.

"Mwalimu," aliniambia, "huo si mzigo. Kwa mara ya kwanza katika ukoo wenu, kubali kubebwa."

Siku nilipokubali, nilisimama. Siwezi kueleza zaidi bila kutia chumvi. Nitasema tu kwamba kwa muda wa kuhesabu hadi kumi na mbili sikuwa na fikira yoyote, mimi ambaye fikira haziniachi hata kanisani. Na kwa kuwa ubao ulikuwa mmoja, tulipokezana: mmoja majini, mwingine juu ya jiwe akitazama na kutukana. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kutazamwa kulikuwa nusu ya furaha yenyewe.

Kisha ikaja barua ya uhamisho.

Hapa sina budi kulieleza kosa langu kwa usahihi. Kwa desturi yetu, mtani akikuchukulia kitu hukasiriki wala hudai. Unangoja zamu yako, nawe umchukulie chake. Lakini desturi hiyo ina sharti: kitu kichukuliwe mbele ya mwenyewe, watu wakicheka. Mimi niliuchukua ubao asubuhi ya kuondoka, Mtani akiwa msituni kutafuta mti. Nikauviringishia mkeka, nikapanda nao treni Kigoma. Njia nzima nilijiambia kuwa ule ni utani. Haukuwa utani. Sikustahimili wazo kwamba mawimbi yale yangeendelea kupandwa bila mimi.

Nilipotoka stesheni ya Tabora niliupitisha mtaa wa Gongoni begani, na wazee waliokaa barazani wakanipa pole, wakidhani ni ubao wa jeneza. Mke wangu aliuliza ni wa nini. Nilimweleza yote, isipokuwa namna nilivyoupata. Alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho.

"Petro naye alisimama juu ya maji, baba watoto," akasema. "Akazama."

Akaupangia matofali chini, ukawa benchi. Simlaumu. Tangu hapo sijapata mtu wa kuzungumza naye jambo hili. Siku nyingine, nyumba ikiwa tupu, huushusha sakafuni nikasimama juu yake, magoti nimeyakunja kidogo. Hakuna wa kunitukana.

Mwezi uliopita mchuuzi wa mawese kutoka Ujiji aliniletea habari za Mtani. Hakujua anamsimulia nani. Alisema kwamba huu ni mwaka wa tatu fundi huyo anakaa juu ya lile jiwe kiangazi chote, miguu majini. Watu wamemshauri audai ubao wake. Hujibu kuwa kilichochukuliwa na mtani hakidaiwi. Wamemwambia basi achonge mwingine, kwani yeye si fundi? Jibu lake mchuuzi alilikumbuka neno kwa neno: "Nikichonga mwingine, nitakuwa nimesema kwamba mwalimu harudi."

Nimezipima njia zote. Nikiutuma kwa treni bila neno, nitakuwa nimemlipa kama alipwavyo mgeni, na utani wetu utaishia hapo. Nikienda mwenyewe na kujifanya kwamba ulikuwa mzaha, atafurahi, nasi tutaingia majini. Ila mimi nitajua kinachotubeba. Na nikimwambia kwamba niliiba, nitamnyang'anya kitu cha pili, nacho ndicho alichokilinda kwa miaka mitatu.

Likizo inaanza baada ya wiki tatu na tiketi ninayo. Matofali nimeyaondoa. Jana mama mkwe wangu alikuja akakosa pa kukaa.

Wasomaji, hasa ninyi mlio na watani, nishaurini. Nitakapotokea kwenye rasi ile na ubao begani, naye, kabla hata ya salamu, akaanza kuwatukana babu zangu kwa furaha, nifanye nini: nimrudishie tusi, au nimwombe radhi?