Sakafu ya Bafuni Iliyoapiwa Talaka

Aliyetuletea kisa hiki ni msomaji wetu wa upande wa Kisauni. Ameomba jina lake lisitajwe, nasi tumelificha. Maneno ni yake mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini kasoro kidogo, mke wa fundi mwashi. Katika watoto niliozaa amenisalia binti mmoja tu. Kisa changu ni cha sakafu ya bafuni, na anayetaka kucheka na acheke sasa, maana huko mbele hakuchekeshi. Mume wangu hasomi gazeti lakini husomewa barazani. Akisomewa hili akajijua, basi ajijue.

Vita vikuu vilipokwisha na saruji ikaanza kupatikana tena, mume wangu alitaka kuivunja sakafu ya zamani ya bafu letu. Ilikuwa ya chokaa na kokoto, imetwangwa enzi za babu yake, ina mashimo na harufu isiyotoka hata uisugue vipi. Hapo sikumpinga, kwa sababu mwenye kuisugua nilikuwa mimi. Ubishi ulikuja kwenye kuchagua ya kuweka badala yake. Mama mkwe wangu tulikuwa tukikaa naye, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Alimwita mwanawe akamwambia, "Mwanangu, weka hiyo saruji yako, lakini usiilainishe. Ichore na ufagio ingali mbichi, nipate pa kukanyaga. Mai yakimwaika na sabuni si vitu vya mtezo." Mume wangu akacheka. "Mama, hiyo ni sakafu ya zizi la ng'ombe. Watu wa kisiwani nawapigia niru majumbani mwao, kwangu mimi niweke makwaruzo? Watu watasemaje?"

Akaipiga niru, ule uji wa saruji tupu wa kulainishia, akatia rangi nyekundu, akaisugua mpaka ikawa inateleza kama sahani. Majirani wakawa wanakuja kuitazama, wanavua viatu mlangoni kama waingiao msikitini. Mama mkwe aliingia akishika ukuta, akatoka akishika ukuta.

Asubuhi moja alikwenda kutia udhu akateleza. Nilisikia kopo likianguka, kisha yeye. Nyonga ilivunjika. Alilala kitandani mwezi na zaidi, mimi nikimgeuza na kumsafisha, mpaka vidonda vya mgongo vikamla. Nilimpenda yule mama kuliko nilivyowahi kumwambia. Hakumlaumu mwanawe hata siku moja, na nadhani hilo ndilo lililomchoma mume wangu zaidi. Alifariki akimwombea dua.

Matanga yalipokwisha nikamwambia mume wangu kwa upole, mbele ya nduguze, kwamba labda sasa tuivunje. Nilidhani mbele yao atanisikiliza. Akasimama. "Mamangu amekwenda kwa siku yake. Anayesema ni sakafu, anasema nimemuua mimi. Sikiza, na hawa ni mashahidi. Siku utakayoigusa sakafu hii kwa chuma, wewe au mtu uliyemtuma, siku hiyo umeachika talaka tatu." Shemeji zangu wakainamisha vichwa. Nilikwenda kumwuliza mwalimu wa madrasa, akaniambia kiapo kimeshika, nisijaribu.

Nikaishi hivyo. Nilitandika magunia, akayatoa, akasema nyumba yake si ghala. Nilimwaga mchanga, akaufagia mwenyewe, mwanamume mzima na ufagio mkononi. Na kuna jambo ambalo majirani hawalijui. Tangu mamake afe, yeye haogi humo. Huchukua ndoo yake akaenda kuoga nyuma ya jiko, penye changarawe, kisha hurudi barazani akawaambia watu kwamba bafu kama lake halipo Kisauni nzima. Wallahi wakati mwingine namwonea huruma, na wakati mwingine natamani kummwagia hayo maji kichwani.

Sasa binti yangu amekuja. Ana mimba yake ya kwanza na imebakia kidogo, na kwetu mwanamke huzalia mtoto wa kwanza nyumbani kwa mamake. Siwezi kumrudisha Likoni kwa mumewe. Mama mkwe wake alikwisha kufa, na nyumba ile ni ya wanaume watupu. Tena akishajifungua, kungwi atamkanda kwa maji ya moto na mafuta siku arobaini, na pa kumkandia ni humo bafuni. Fikirini mafuta juu ya niru. Nyuma ya jiko hapana ukuta, mwanamke hawezi kuogeshwa hapo watu wakipita.

Juzi aliteleza. Nilimdaka kwapani, tukagonga ukuta sote wawili, tumbo lile likiwa kati yetu. Mume wangu alikuwa uani, mlango ulikuwa wazi, aliona yote. Nikamwambia, "Bwana, umeona?"  Akasema, "Mshike vizuri mwanao," akachukua ndoo yake akaenda nyuma ya jiko.

Ndugu zangu wasomaji, mtaimbo wa kazi yake umeegemea pale uani kila siku. Nikiuchukua, ndoa niliyoingia nikiwa mwari imekwisha, na wazazi wangu wote wawili wako makaburini, sijui nitakwenda wapi. Nisipouchukua, namwacha mwanangu mwenyewe aingie mahali ambapo babake haingii. Usingizi umenipaa. Wenye dini na wenye busara, niambieni, nifanyeje? Tena msikawie kunijibu, maana leo asubuhi binti yangu amenitoa mkono kwapani mwake, akaniambia ameshaizoea sakafu, nisiwe nikimshika tena.